Mwenye Macho na Aambiwe

Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii twaipenda sana, na katika mabaraza yetu imefunga midomo ya watu wengi waliotaka kuuliza. Mtu akisimama akasema, "Nimeona kwa macho yangu mawili," mara shauri limekwisha. Hakuna amwulizaye tena palikuwa na mwanga gani, wala alikuwa mbali kadiri gani, wala alikuwa ameambiwa nini kabla ya kuona. Mimi nasema ya kuwa methali hii ni njema mahali pake, lakini haifai kuketi katika kiti cha hakimu. Tena nasema ya kuwa katika nchi hii ya Unyamwezi, na kwa jirani zetu wa Usukuma, watu wameuawa kwa sababu hatukutaka kujua kuona ni nini.

Msiniambie ya kuwa natia chumvi. Kwa hesabu zilizokusanywa na serikali, tangu mwaka 1970 hata mwaka 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika mambo ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Mwanza na Shinyanga. Wala msiseme hayo ni ya zamani, yamepita. Katika mwezi wa Julai 2017, wilayani Nzega, katika mkoa wetu huu wa Tabora, wanawake watano waliuawa na miili yao ikatiwa moto, kwa tuhuma hizo hizo. Na ukiuliza mahali pengi, "Mlimjuaje bibi huyu kuwa ni mchawi?" jibu moja hurudi mara kwa mara: macho yake ni mekundu.

Ndani ya jibu hilo yamelala makosa mawili, nami nataka kuyaamsha yote mawili mbele yenu. Kosa la kwanza ni kudhani ya kuwa jicho hutoa kitu. Ya kuwa nguvu yatoka jichoni mwa mtu, yaenda kumdhuru mtoto, au ng'ombe, au shamba. Kosa la pili ni kudhani ya kuwa kila kilichoonwa kipo kama kilivyoonwa. La kwanza humpata mtuhumiwa, la pili humpa nguvu shahidi. Yakikutana usiku mmoja, bibi hapati kuona asubuhi.

Tuanze na lile la kwanza. Hata lugha yetu yatudanganya hapa, kwa maana twasema kutupa jicho, na kukaza macho, kana kwamba jicho ni mkuki. Wala si sisi peke yetu. Wayunani wa kale wenye elimu nyingi, kama Euclid na Ptolemy, walifundisha ya kuwa miali yatoka jichoni na kwenda kugusa vitu. Aliyeyavunja mafundisho hayo kwa hoja zenye nguvu ni mwanachuoni wa Kiarabu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi yake Misri. Alisema, Mtu akilitazama jua macho humwuma. Basi ni dhahiri ya kuwa kitu chatoka juani na kuingia jichoni, wala si kinyume. Akauliza tena, Je, mtu afumbuapo macho na kuiona mbingu yote, jicho dogo hili limetoa kitu cha kuijaza mbingu? Hoja hizo zina umri wa miaka elfu moja. Waarabu walioshika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji walileta nguo na shanga, wakaondoka na pembe na watu waliofungwa minyororo. Laiti wangaliachia njiani hoja hizo za mwanachuoni, tungalifaidi kuliko shanga zote.

Lakini msimwamini Ibn al-Haytham kwa kuwa ni mtu wa kale, wala msiniamini mimi kwa kuwa ni mwalimu. Jaribuni wenyewe. Ingia katika nyumba ya tembe wakati wa jua kali, uzibe kila mwanya, uache tundu moja dogo mlangoni, kadiri ya punje ya mtama. Tandika shuka nyeupe ndani, kulielekea tundu, ukangoje hata macho yazoee giza. Utaona juu ya shuka ile miti na watu wapitao uwanjani, miguu juu, vichwa chini. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyetoa kitu. Mwanga umeingia tu. Jicho nalo ni nyumba ya namna hiyo: mboni ndiyo tundu, na utando wa nyuma uitwao retina ndio shuka. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alieleza jinsi ya kuchukua jicho la ng'ombe aliyechinjwa, kuondoa ngozi ya nyuma kwa uangalifu, na kuiona hapo sura ya vitu imepinduliwa. Basi jicho la ng'ombe, na la mtoto, na la bibi kizee, yote ni nyumba zenye tundu. Hupokea, hayatumi. Liwe jeupe au liwe jekundu, jicho halina mkuki wa kumtupia mtu.

Hapo mwenye akili atauliza, "Ikiwa sura imepinduka katika jicho, mbona naona watu wamesimama sawasawa?" Swali hilo ndilo mlango wa jambo lote. Ni kwa sababu si jicho lionalo. Jicho ni mjumbe tu. Kutoka nyuma ya kila jicho hutoka mshipa wa fahamu wenye nyuzi nyembamba zipatazo 1,000,000, nazo hazichukui picha, huchukua habari, kama wachukuzi wa zamani walivyochukua kila mmoja mzigo wake mpaka kituoni. Habari hizo hupita katikati ya ubongo, kisha hufika nyuma kabisa, kisogoni. Huko ndiko kazi kubwa ya kuona huanza. Habari za upande wa kushoto wa dunia huenda kisogo cha kuume, na za kuume huenda cha kushoto. Kisha hugawanywa: pako mahali pa kupambanua mwendo, pako pa rangi, pako pa nyuso za watu.

Mambo haya yamejulikana kwa uchungu. Katika vita vya Warusi na Wajapani, mwaka 1904 na 1905, daktari wa Kijapani aitwaye Tatsuji Inouye aliwapima askari waliopigwa risasi kisogoni. Macho yao yalikuwa mazima, lakini kila mmoja alikuwa amepoteza sehemu ya kuona kwake, kwa kadiri ya mahali risasi ilipopita. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha habari hizo. Katika Vita Vikuu vya kwanza, ambavyo vilifika hata hapa Tabora mwaka 1916, daktari Gordon Holmes aliona mambo yale yale kwa askari wa Kiingereza. Mwaka 1983 madaktari wa Ujerumani waliandika habari za mwanamke ambaye sehemu ya ubongo wake ipambanuayo mwendo iliharibika. Alipomimina chai, aliiona imesimama kama barafu, wala hakujua aache lini, hata kikombe kikafurika. Mwaka 2008 ziliandikwa habari za mtu aliyepigwa na kiharusi mara mbili, kisogo chote cha kuonea kikafa pande zote mbili. Yeye mwenyewe alisema ni kipofu kabisa. Wakamweka katika ujia uliojaa makasha na viti, wakamwambia apite bila fimbo. Akapita, akikwepa kila kitu, wala asigonge hata kimoja, na alipoulizwa hakujua ya kuwa alikwepa chochote. Macho yalipokea, njia nyingine ndogo za ubongo zikauongoza mwili, lakini yeye, mtu mwenyewe, hakuona neno.

Mwenye shaka na azitafakari habari za njia yetu hii ya misafara. Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze, penye Tabora ya leo, wakapumzika kwa Waarabu, kisha wakashika njia ya magharibi. Tarehe 13 Februari 1858 walipanda kilima kilicho karibu na Ziwa Tanganyika. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, karibu awe kipofu, naye mbele yake aliona ukungu na mng'ao tu. Akili yake ilikuwa nzima, lakini wajumbe walikuwa wagonjwa. Burton hakuwa kipofu namna hiyo. Aliona mstari wa mwanga chini ya kilima, lakini hakuujua ni nini. Akamwuliza kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay, naye akamjibu ya kuwa anadhani ndiyo maji. Hata hivyo Burton akasikitika, akidhani ni kijiziwa kidogo, mpaka aliposogea hatua chache ndipo ziwa lote likamfunukia. Basi tazameni, mtu mwenye macho, aliyesoma na kusafiri nchi nyingi, aliambiwa! Mstari wa mwanga uliingia machoni mwa Burton na mwa Bombay sawasawa. Mmoja aliona mng'ao, mmoja aliona maji. Tofauti haikuwa jichoni.

Nanyi wasomaji wa Injili mwamkumbuka kipofu wa Bethsaida, ambaye kwanza aliwaona watu wakitembea, lakini walikuwa kwake kama miti, na baadaye ndipo akapambanua sawasawa. Kufumbuka macho ni jambo moja, na kujua ulionalo ni jambo la pili.

Sasa tulifikie kosa la pili, la shahidi. Ikiwa ubongo ndio uonao, nao hupokea habari chache tu, je, penye upungufu hufanya nini? Hujaza. Chukua karatasi nyeupe, uandike msalaba mdogo, na upande wa kuume, mbali nao kadiri ya sentimita 8, utie tone la wino. Fumba jicho la kushoto. Kaza jicho la kuume juu ya msalaba, huku ukiishika karatasi mbali kadiri ya sentimita 30, uisogeze polepole mbele na nyuma. Utafika mahali ambapo tone litatoweka. Ni kwa sababu pale mshipa wa fahamu utokapo jichoni hapana kitu cha kupokea mwanga. Mahali hapo jicho la kila mtu ni kipofu. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hili katika karne ya 17. Lakini la kutisha zaidi si kutoweka kwa tone. La kutisha ni kwamba huoni shimo wala giza. Unaona karatasi nyeupe, safi, kana kwamba hapakuwa na wino kamwe. Ubongo wako umekushonea kiraka, wala haukukuambia. Umeishi na upofu huo tangu kuzaliwa usijue.

Ikiwa ubongo hutenda hivyo mchana, juu ya karatasi, je, usiku utatenda nini? Chembe zilizo katikati ya retina, zipambanuazo rangi na mambo madogo, hazifanyi kazi katika giza. Jaribu kuikazia macho nyota hafifu: itatoweka, ukitazama pembeni kidogo, itarudi. Basi yule asemaye, "Usiku wa manane nalimwona bibi Fulani amempanda fisi," alikuwa hana rangi, hana sura ya uso, hana ila kivuli kilichokwenda. Jina la bibi halikuingia kwa mboni. Lilikuwa tayari limewekwa kichwani mwake na mpiga ramli, au na ugomvi wa mipaka ya shamba, au na tamaa ya urithi. Burton aliambiwa "maji", na palikuwa na maji kweli. Shahidi wetu aliambiwa "mchawi", akaona mchawi. Simwiti mwongo. Nasema jambo baya zaidi: yawezekana asema kweli yote aijuayo, na bado mtu asiye na hatia afe.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema, "Mwalimu, hata hao wenye elimu hawajui yote." Ni kweli. Jinsi gani kazi ya chembe za ubongo yageuka kuwa kuona kwenyewe, huku kuonja wekundu wa machweo na kumtambua mama, bado wataalamu hawajapatana. Mwaka 1998 mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau la mvinyo na mwanafalsafa David Chalmers, akisema ya kuwa katika miaka 25 jambo hilo litakuwa limejulikana. Mwaka 2023 Koch alikiri kushindwa, akalipa. Mimi namheshimu mtu huyo kuliko wapiga ramli wote wa mkoa huu, maana sijapata kusikia mpiga ramli aliyekiri kushindwa na kulipa. Lakini kutojua jambo moja si ruhusa ya kusema lolote. Fundi asiyejua saa ilivyotengenezwa kiwandani ajua ya kuwa haiendeshwi na sisimizi. Hatujui mwisho wa njia, lakini twajua mwanga huingia jichoni, haurushwi nalo; na hilo ndilo linalotosha kumwokoa bibi.

Wa pili atasema, "Lakini mtoto wangu alikuwa mzima, akapatwa na degedege, na alipopona macho yake yakawa safi kabisa, wala haoni. Kama si jicho baya, ni nini?" Huyu simcheki, maana amelia. Ndugu, ni malaria iliyopanda kichwani. Ugonjwa huo waweza kudhuru kisogo kile kile cha kuonea, na jicho likabaki zima. Watoto wengi waliopata upofu wa namna hiyo huanza kuona tena baada ya majuma au miezi. Lakini ukimkimbiza kwa mganga akamtia majani na maji makali machoni, aweza kuharibu kioo cha jicho lililokuwa zima, na kisogo kitakapopona hakutakuwa na mjumbe wa kuleta habari. Hapo ndipo utakuwa umemtia mtoto wako upofu kweli, kisha umtafute jirani wa kulaumiwa.

Wa tatu atasema, "Na hayo macho mekundu je?" Haya, nendeni jikoni. Mwanamke ameinama juu ya mafiga miaka 50, katika chumba kisicho na dirisha, akipuliza kuni mbichi, na penye uhaba wa miti akipuliza mavi ya ng'ombe. Wengine wamekesha penye mabani ya kukaushia tumbaku, wakichochea moto. Kuna vikope, ugonjwa unaokunja kope hata malaika zake zikaparuza jicho kila lifumbapo. Kuna mtoto wa jicho, unaoweka weupe katika mboni. Wekundu ule ni moshi wa ugali wetu. Bibi amepikia wana, na wajukuu, na wageni, na msiba. Na malipo yake, siku ya uzee, ni kwamba wale waliokula wasimame mlangoni na mapanga, wakisema macho yake yawashuhudia uchawi. Hakika yanashuhudia, lakini sisi ndio tunaoshitakiwa.

Wala msidhani nawashitaki wasiojua kusoma peke yao. Mara nyingi mwenye kusoma huwapo barazani, ajua, akanyamaza. Asema moyoni, "Haya si yangu." Huyo ana macho na ana kisogo, lakini kinywa chake ndicho kipofu.

Basi nawataka wasomaji mambo manne. La kwanza, mtu akisema barazani, "Nimeona kwa macho yangu," aulizwe mbele ya wote: palikuwa na mwanga gani, ulikuwa mbali hatua ngapi, na ni nani aliyekutajia jina kabla hujaona? La pili, mwenye macho mekundu au meupe apelekwe hospitali, asipelekwe kwenye ramli. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na vikope vina dawa. La tatu, vijana watoboe madirisha katika majiko ya mama zao kabla ya mvua zijazo. Ni kazi ya siku moja. La nne, kila mwalimu awaonyeshe watoto ile shuka katika nyumba ya giza na lile tone la wino, maana mtoto aliyeona tone likitoweka mbele ya jicho lake hatakuwa mwepesi wa kumwapisha mtu kwa kivuli.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee, nao walikuwa na maana yao. Lakini Burton aliambiwa kilimani, na hakupungukiwa na heshima. Sisi nasi tuambiane. Afadhali mtu aone haya ya kuulizwa maswali barazani, kuliko kijiji kizima kione haya ya kaburi.